Mbona Simba Amelala? Maswali Yenu Kuhusu Siku ya Kutazama Wanyama

Tangu maonyesho ya wakulima ya Nanenane yafungwe pale Nzuguni, Dodoma, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu zina malalamiko yanayofanana. Watu wamepanga foleni kwenda kuona wanyama hai, wakarudi nyumbani wamechoka na hawakuona walichokifuata. Wengine wanataka kuwapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama hasa, ila hawajui waanzie wapi. Tumechagua barua zenye maswali yanayowahusu wengi.

SWALI: Tulifika bandani saa nane mchana na wanangu wawili. Simba alikuwa amelala ubavu kama gunia, hakutikisika hata watu walipompigia makelele. Jirani yangu anasema wanyama hao huchomwa sindano ya usingizi ili wasisumbue. Ni kweli?
Mama wa wawili, Area C, Dodoma

JIBU: Mama, simba hahitaji sindano ili alale saa nane mchana. Hiyo ndiyo saa yake ya kulala. Porini simba hupumzika hadi saa 20 katika kila saa 24, kwa sababu nguvu zake ni za mbio fupi za kumwangusha mnyama mkubwa. Akipata mnyama, simba dume anaweza kula kilo 30 kwa mkao mmoja, kisha akakaa siku kadhaa bila kuwinda. Simba wa bandani hana cha kukimbiza kabisa. Ongeza jua la mchana la Dodoma, vumbi la upepo wa Agosti na umati unaosukumana mbele ya wavu, na utaona kwamba kilichobaki kwake ni kujilaza kivulini na kuwapa mgongo.

Ukitaka kujua kama amelala tu au anaumwa, tazama masikio kwanza. Simba aliyelala salama huyatikisa masikio nzi akitua, na kishungi cha mkia huinuka na kuanguka mara moja moja. Mbavu hupanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Lakini akiwa kivulini huku akihema kwa haraka mdomo wazi, akitokwa na udenda mwingi, au macho yakiwa wazi huku kiwambo cheupe kimefunika kona ya ndani ya jicho, mwite mhudumu. Huo si usingizi.

Tatizo lenu dawa yake ni saa. Simba, chui na fisi huwa macho kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Kwa Nzuguni, msiende tarehe 8 Agosti, siku ya kilele. Nendeni siku ya tatu au ya nne ya maonyesho, asubuhi, kabla mabasi ya shule hayajajaa. Kwenye bustani ya kudumu, ulizeni mlangoni mambo mawili: wanyama wanalishwa saa ngapi, na je, leo simba anakula au amefunga? Swali la pili lina maana yake. Bustani nyingi huwapa simba siku ya kutokula katika wiki, kwa kufuata maisha ya porini, na siku hiyo huenda mkamkuta anazunguka zaidi, hasa inapokaribia saa aliyozoea kuletewa nyama.

Si kila mnyama anafuata saa ya simba. Ndege huchangamka mapema, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Twiga anakula karibu kutwa nzima, kwa hiyo muda wowote utamkuta na shughuli, na ukikaa karibu utauona ule ulimi wake mweusi wa sentimita 45 ukiyavua majani katikati ya miiba bila kuchomwa. Mamba hutoka kuota jua asubuhi likishapanda, kati ya saa tatu na saa tano. Akiachama kinywa hajakasirika, anapoza kichwa. Huyu ndiye anayeonewa kuliko wote, maana watu humrushia mawe wakidhani ni sanamu au kafa. Mamba anaweza kukaa saa nyingi bila kusogea hata ukucha, na jiwe moja linatosha kumtoa jicho.

Watoto wakichoka kumsubiri simba aamke, wape kazi. Pale masharubu yanapoota pana mistari ya vidoa vyeusi, na mpangilio wa vidoa hivyo hutofautiana kati ya simba na simba; watafiti huutumia kuwatambua mmoja mmoja, kama sisi tunavyotumia alama za vidole. Mtoto mwenye daftari na penseli anaweza kuvichora, upande wa kulia na wa kushoto. Hapo usingizi wa simba unageuka kuwa msaada, maana ametulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

SWALI: Nina wanafunzi 45 wa darasa la tano na wazazi wamekubali kuchanga. Tuwapeleke wapi, na tujipangeje ili siku isituharibikie?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, anza na ramani. Tabora ipo Bustani ya Wanyamapori chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na barabara ya lami inafika kupitia Manyoni na Itigi, lakini si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mwanza kuna Saanane, kisiwa kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, na inafikiwa kwa boti kutoka mjini. Ni pazuri sana kwa watoto, ila kwa darasa la tano la Mpwapwa ni mbali mno. Dar es Salaam kuna bustani ya wanyama Kigamboni, na kwenu hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu ya treni ya SGR, ile reli ya kisasa. Kituo chenu ni Gulwe. Ulizia treni ya kawaida, maana zile za haraka hazisimami vituo vyote. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli, kwa hiyo bebeni orodha ya majina na umri yenye muhuri wa shule. Panga kulala usiku mmoja. Ukijaribu kumaliza yote kwa siku moja mtafika bustanini saa ile ile ya mchana iliyomkuta mama wa Area C.

Wiki sita kabla, omba kibali cha safari kwa afisa elimu, kisha peleka fomu ya ridhaa kwa wazazi. Fomu iulize wazi: mtoto ana pumu? Kifafa? Kuna chakula kinachomdhuru? Wiki tatu kabla, piga simu bustanini, taja idadi, na uulize kama kuna mhudumu wa kuwatembeza. Vituo vya serikali kwa kawaida havichukui fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo na kulipa benki au kwa simu, na ni vyema jambo hilo liishe kabla ya kusafiri, kwani mtandao ukigoma getini watoto 45 watasimama juani.

Sasa mahesabu. Gawa watoto makundi matano ya watoto tisa, kila kundi na mtu mzima wake, na mtu mzima wa sita atembee nyuma ya wote bila kundi. Huyo wa sita ndiye atakayempeleka mgonjwa kivulini au kumrudia aliyesahau kofia, na safari nyingi hukwama kwa kumkosa yeye. Maji: lita 1.5 kwa kila mtoto na lita 2 kwa mtu mzima ni lita 79.5, yaani madumu manne ya lita 20. Vyoo: kukiwa na matundu mawili tu na kila mtoto akatumia dakika mbili, foleni ya watoto 45 inakula dakika 45. Ndiyo maana makundi yaende chooni kwa zamu, kila moja kwa wakati wake, wakati mengine yanaendelea kutazama.

Kila mtoto afungwe kipande cha kitenge mkononi, kitenge kimoja kwa wote, na juu yake iandikwe namba ya simu ya mwalimu kwa kalamu isiyofutika. Jina la mtoto lisiandikwe. Mtu asiyemjua akilisoma anaweza kumwita kwa jina, na mtoto akamfuata. Hesabuni vichwa kwenye mlango wa basi, getini, baada ya choo, baada ya chakula na kabla ya kuondoka. Mtoto akipotea, kundi lake lisimame palepale. Mtu wa sita arudi kwenye banda la mwisho ambako wote walikuwepo, na mwalimu mmoja aende getini moja kwa moja, kabla ya kuanza kumtafuta ndani. Watoto wafundishwe tangu shuleni: ukipotea, simama, mfuate mwenye sare ya bustani tu.

Msianzie kwenye banda la kwanza. Kila kundi la wageni huanzia hapo, kwa hiyo asubuhi pamejaa. Nendeni moja kwa moja hadi mwisho wa njia, mrudi mkitazama. Na msilazimishe kuona kila kitu. Kila kundi lipewe wanyama wanne tu wa kuwaandikia: anakula nini, miguu yake ikoje, macho yako mbele au pembeni ya kichwa, na amefanya nini katika dakika kumi. Hilo la macho hufungua mjadala mzuri mkirudi darasani, maana chui na simba macho yako mbele ili kupima umbali wa windo, na swala na pundamilia yako pembeni ili kumwona anayenyemelea.

Chakula tunakisisitiza kuliko mambo mengine yote. Msibebe wali. Wali uliopikwa usiku, ukafunikwa kwenye ndoo na kuliwa saa saba mchana, ndio huwatapisha watoto njiani. Kuna bakteria wa mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali unapobaki vuguvugu huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata ukiupasha upya. Chukueni chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai yasiyomenywa, ndizi na machungwa. Mkate wenye siagi unafaa pia.

SWALI: Kwenye banda la swala watu walikuwa wanarusha karanga, biskuti na vipande vya ugali, na swala wanakula vizuri tu. Mhudumu akaja juu. Chakula cha binadamu kina ubaya gani kwa mnyama?
Kijana wa Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Swala ana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe na mbuzi. Chumba cha kwanza, kile kikubwa, kinafanya kazi kama pipa la pombe ya kienyeji: mna bakteria wengi waliozoea majani, wanayachachusha polepole huku mnyama akicheua. Ugali, mkate na biskuti ni wanga. Wanga ukiingia mwingi kwa ghafla, bakteria wanaoupenda huzaliana upesi na kutoa asidi, na asidi hiyo huwaua wale wa majani. Mnyama anaacha kucheua. Tumbo la kushoto linajaa, anaharisha, anaishiwa maji, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mfugaji yeyote wa Bahi au Chamwino aliyewahi kukuta mbuzi wake kaingia ghalani na kula mtama hadi kushiba analijua tumbo hilo.

Utasema umerusha kipande kimoja tu. Kweli, kipande kimoja hakiui. Lakini aliyesimama kabla yako alirusha chake, na watu mia mbili wanaokuja nyuma yako watarusha vyao, na swala hajui kusema ameshiba. Mhudumu aliyewapimia nyasi na majani asubuhi hana njia ya kujua kilichoingia baadaye, mpaka aone mavi yamebadilika.

Karanga zina ubaya wake mwingine. Dodoma tunalijua neno sumukuvu kwa uchungu. Mwaka 2016 sumu hiyo ya ukungu ilipoteza maisha ya watu mkoani kwetu na Manyara kupitia mahindi. Karanga hushikwa na ukungu huo huo zikihifadhiwa zikiwa na unyevu, na kuzikaanga hakuiondoi sumu. Ndege hawaihimili kabisa, bata na bata mzinga hasa. Zile karanga mbovu ulizozitema na kuzitupa ndizo zinazookotwa na ndege wa bustani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini karatasi za biskuti, mirija na vifuniko vya chupa bado vinaingia. Mnyama anayecheua akimeza plastiki haimtoki. Inabaki kwenye chumba kile cha kwanza, inajisokota na nyingine, na anakonda huku tumbo limejaa. Kwa hiyo kitu kikikuponyoka na kuangukia ndani ya uzio, usinyooshe mkono wala fimbo kukitoa. Mwite mhudumu na umwoneshe mahali hasa kilipoangukia. Hatakukasirikia kwa hilo.

SWALI: Tumbili alimnyang'anya mwanangu ndizi akamkwaruza mkono. Tungefanya nini?
Mzazi, Manyoni

JIBU: Kabla hajafika, chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa zipu, na mtoto asile akitembea. Akishafika, achieni alichokishika. Anayeng'ang'ania ndiye anayeumwa. Onesheni viganja vitupu, rudini nyuma polepole, msikimbie, msimkazie macho wala kumchekea kwa meno, kwa sababu kwa tumbili na nyani meno na macho makavu ni ugomvi. Nyani dume anayepiga miayo akikutazama hana usingizi. Anakuonesha chonge zake ili uondoke.

Alama ya meno au kucha iliyochubua ngozi ioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa. Msipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mwulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa cha mbwa hakimhusu mbwa peke yake, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, kwa hiyo msisubiri kuona kama kidonda kitavimba. Kama mwanao hakupelekwa, mpeleke leo.

SWALI: Picha zangu zote zimetoka na wavu mbele, mnyama ni ukungu tu. Nina simu ya kawaida.
Dada wa Kisasa, Dodoma

JIBU: Dada, simu imeushika wavu kwa sababu ndio ulio karibu. Gusa kioo cha simu pale alipo mnyama na ushikilie kidole hadi alama ya duara au mraba itulie. Tafuta sehemu ya wavu iliyo kivulini, kwani wavu unaopigwa na jua hung'aa na kuweka mistari meupe kwenye picha. Subiri mnyama asogee mbali na wavu. Kwenye banda la nyoka lenye kioo, egesha simu moja kwa moja kwenye kioo na ufunike pembeni kwa mtandio ili mwanga wa nyuma yako usijirudie. Zima mwanga wa kamera: kwenye kioo hukupa doa jeupe tu, na bundi aliyepanua mboni zake gizani hubaki haoni kwa muda. Usivuke reli ya nje kutafuta picha. Nafasi kati ya reli na wavu imepimwa kwa urefu wa mkono wa mnyama, na mkono wa chui ni mrefu kuliko unavyoonekana amelala.

SWALI: Nilimwona chui anakwenda na kurudi kando ya wavu bila kuacha. Watoto wakacheka, wakasema anacheza. Mimi niliumia moyoni. Ni kichaa?
Msomaji, Singida

JIBU: Uliona sawasawa. Huko si kucheza. Mnyama aliyefungiwa akikosa nafasi, akikosa kazi ya kufanya na akikosa pa kujificha, mwili wake hurudia kitendo kimoja hadi kikawa mazoea. Wanaoathirika zaidi ni wale ambao porini huzurura eneo kubwa.

Pima hivi. Simama mbali kidogo, hesabu mizunguko kumi. Je, anageukia pale pale kila mara? Mguu ule ule unakanyaga mahali pale pale? Kichwa kinapindukia upande ule ule? Tazama ardhi: kama kando ya wavu pamechimbika kinjia chembamba kisichoota hata jani, amekwenda hapo kwa miezi. Angalia pia saa. Akifanya hivyo nusu saa kabla ya kulishwa na kuacha akishakula, anasubiri chakula, na hali si mbaya sana. Akifanya kutwa, na manyoya yamenyonyoka ubavuni au pua ina kidonda cha kusugua wavu, hali ni mbaya.

Kuna jambo la kumtendea haki anayemtunza. Mazoea haya hudumu hata mnyama akihamishiwa mahali pazuri zaidi, hivyo chui anayezunguka kwenye banda jema huenda alikuja nayo. Litazame banda lenyewe. Chui anahitaji jukwaa la juu kuliko vichwa vya watu, gogo la kukwarua kucha, maji safi kivulini, na mahali pa kutoonekana kabisa. Wageni hulalamika wakikuta amejificha, na wenye mabanda hushawishika kuondoa maficho ili mwenye tiketi aridhike. Tunawaomba wasomaji wetu wasilalamikie hilo. Banda ambalo chui anaweza kuwakimbia macho ndilo banda lililojengwa na mtu anayemjua chui. Watunzaji wazuri pia humfichia nyama juu ya mti, humwekea magogo yenye harufu za wanyama wengine na kubadilisha mpangilio kila wiki, ili awe na cha kutafuta.

Ulichoweza kufanya pale ni kuwasogeza watoto nyuma na kunyamaza. Kelele na kugonga wavu huongeza mwendo wake. Ukirudi, andika tarehe, saa, ulichohesabu na majeraha uliyoyaona, ambatisha picha, na umpe msimamizi wa bustani. Usipojibiwa, peleka nakala kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya mambo haya, na taarifa yenye saa na hesabu husikilizwa kuliko ya hasira.

SWALI: Wajukuu wameokota kobe shambani, wanataka tumfuge hapa nyumbani wawe na bustani yao ya wanyama. Inaruhusiwa?
Babu, Kondoa

JIBU: Shikamoo Babu. Hairuhusiwi bila kibali. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahusu kumfuga kama inavyohusu kumwinda. Mrudisheni pale pale alipookotwa, mmweke kivulini, uso ukielekea kule alikokuwa anakwenda. Mbebeni chini chini kwa mikono miwili, bila kumtikisa. Kobe akishtuka hukojoa, na wakati wa kiangazi maji hayo ndiyo akiba yake. Wajukuu wanawe kwa sabuni, kwa kuwa kobe mzima kabisa hubeba bakteria wa kuharisha, hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

SWALI: Sina nauli ya Tabora wala ya Dar es Salaam. Nina watoto watatu na Jumamosi moja. Niwaoneshe nini hapa hapa Dodoma?
Baba, Ipagala

JIBU: Waoneshe pimbi. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wetu vinao, na hawana kiingilio. Pimbi, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la wibari, ana ukubwa wa sungura na uzito wa kilo 2 hadi 5, lakini ndugu zake wa karibu miongoni mwa wanyama walio hai ni tembo na nguva. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina Dodoma lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Mwambie mtoto kwamba jamaa wa tembo yule bado wako juu ya mawe. Ushahidi uko mdomoni, kwani meno mawili ya mbele ya juu ya pimbi hayaachi kukua, kama pembe za tembo, na dume akiachama unayaona yamechongoka.

Tafuteni kwanza michirizi meupe na ya kahawia inayoshuka kwenye nyufa za mawe. Si chokaa. Ni mikojo ya pimbi iliyokauka kwa miaka, kwa kuwa kundi zima hutumia choo kimoja. Mkishaiona, kaeni umbali wa mita 30 hadi 40, jua likiwa mgongoni kwenu, saa moja na nusu asubuhi. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri kuliko yote: usiku una baridi, pimbi hana uwezo mkubwa wa kujipasha joto, kwa hiyo asubuhi hutoka wote na kujibana pamoja juu ya jiwe wakiota jua. Kufika saa nne wameshatawanyika kula. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, msiingize mikono kwenye nyufa, kwani nyoka hukaa humo humo, na watoto wakae chini. Anayesimama na kukaa huwashtua wote.

Mtamwona mmoja amekaa juu kuliko wenzake, asiyekula wala kulala. Huyo ni mlinzi. Akipiga mlio mkali na wote wakatoweka kwa mara moja, tazameni angani kabla ya kulaumiana nani kakohoa. Mara nyingi kuna tai mweusi anapita, na pimbi ndiye chakula chake kikuu. Msiondoke. Baada ya robo saa hivi pua moja itachungulia ufani, itarudi ndani, itachungulia tena, na ikitoka nje nzima, wengine wote watafuata.